Barua Haikumtaja Mama

"Mimi hata wakinijengea ghorofa, Karamoja siendi."

Kauli hii niliisikia muhula uliopita tukiwa nje ya darasa tukimngoja mhadhiri, na sote tulicheka. Nami nilicheka. Tulikuwa tukizungumza kuhusu kazi tutakazopata tukihitimu, kama tutazipata, na mwenzetu mmoja alikuwa akidai kwamba walimu wa Kiswahili watatafutwa zaidi wilayani kuliko hapa Kampala. Mhadhiri alipofika na kutusikia, alitutazama kwa masikitiko, akasema kizazi chetu hakina uzalendo. Walimu wa zamani, alisema, walipelekwa popote na walikwenda na sanduku moja. Tukanyamaza, kipindi kikaendelea, tukasoma ngeli.

Jibu langu limechelewa, na ninaliandika hapa kwa sababu siku ile nilikuwa na kitu kooni. Baba yangu ni mmoja wa hao waliokwenda na sanduku moja. Alikwenda Karamoja Februari 2023 na mpaka leo yuko huko. Kwa hiyo nitabishana na pande zote mbili, na wenzangu waliocheka na mwalimu wetu aliyetukemea (naye atanisamehe, maana yeye ndiye aliyetufundisha kubishana kwa hoja). Wote wanaliona swali kuwa la mtu mmoja: utakwenda, hutakwenda? Mwalimu wa miaka arobaini na tisa si mtu mmoja. Ana mke au mume, ana watoto madarasani, pengine ana mama mzee anayemletea dawa kila mwezi. Serikali inapomhamisha huyo inahamisha nyumba nzima, ila barua huandikwa kana kwamba inahamisha kiti.

Nieleze ilivyokuwa kwetu. Baba anafundisha historia katika sekondari. Mama anafundisha shule ya msingi ya serikali upande wa Wakiso, darasa la pili. Barua ya baba ilikuja Januari, mimi nikiwa nyumbani nikisubiri matokeo ya kidato cha sita. Baba aliiweka chini ya kopo la sukari hadi tulipomaliza kula, kisha akampa mama aisome. Mama aliisoma mara mbili. Ilikuwa na jina la baba, namba yake ya utumishi, jina la shule anayotoka, jina la shule anayokwenda na tarehe ya kuripoti. Mama akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi. Hakukuwa na kitu.

"Taata Nekesa," akamwambia, "na mimi?"

Sitaki mtu afikiri kwamba wazazi wangu walikataa. Hilo ndilo linaloniuma nikisikia hotuba za uzalendo. Usiku ule na usiku uliofuata walikaa na kalamu na daftari wakipanga namna ya kuhama sote watano. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anaingia darasa la sita, kitindamimba alikuwa darasa la pili. Baba ni Msamia wa Busia, amezoea kuishi na watu wa kila namna. Mama ni Muganda ambaye hajawahi kuishi ng'ambo ya Mto Nile, lakini ndiye aliyesema kwanza, "Tukienda, twende pamoja." Walitaka kwenda. Walizuiwa na mambo ambayo hotuba hazitaji.

La kwanza ni la kisheria, na ninashangaa kwamba tunahitimu shahada ya ualimu bila wengi wetu kulijua. Mwalimu wa sekondari ya serikali huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu, chombo cha taifa, kwa hiyo anaweza kutolewa Kampala leo na kupelekwa Moroto kesho. Mwalimu wa shule ya msingi huajiriwa na wilaya, kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Hayo ni matunda ya ugatuzi wa madaraka wa miaka ya 1990, na yana faida zake. Ila maana yake ni kwamba baba yangu ni mtumishi anayehamishika na mama yangu ni mtumishi wa wilaya yake. Hakuna mtu mmoja nchini mwenye kalamu ya kuwahamisha wote wawili kwa siku moja. Ili mama amfuate mumewe ni lazima wilaya anayotoka ikubali kumwachilia, na wilaya anayokwenda iwe na nafasi na ikubali kumpokea. Mama alikwenda kwenye ofisi ya kwanza, akaambiwa aandike barua. Akaandika. Ofisi ya pili ikamjibu kwa simu kwamba hakuna nafasi iliyotangazwa, asubiri. Kusubiri mpaka lini, hakuambiwa. Njia iliyobaki ilikuwa kuacha kazi na kuanza upya huko kama mwalimu mgeni, miaka yake 18 ya utumishi ikae mashakani, na mshahara wake, ambao ni takribani shilingi laki tano kwa mwezi, ukatike mpaka Mungu apende.

Hesabuni walimu waliooana na walimu mnaowajua. Mimi nikianza kuhesabu mtaani kwetu vidole vya mikono havinitoshi. Walimu huoana na walimu, ndio watu wanaokutana nao. Mfumo unaowaajiri mume na mke kwa tume mbili zisizosemezana umewatenganisha kabla ya uhamisho wowote, ni tarehe tu inayosubiriwa.

Jambo la pili ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili, na hapa naomba nikae kidogo.

Tuseme wilaya ile ingekuwa na nafasi na mama angepokelewa. Angefundisha kwa lugha gani? Tangu mtalaa mpya wa madarasa ya chini uanze mwaka 2007, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, nje ya miji yenye mchanganyiko wa lugha, hufundishwa kwa lugha ya eneo lao, na Kiingereza huchukua nafasi kuanzia darasa la nne. Mama amefundisha watoto kusoma kwa Kiganda tangu mtalaa huo ulipoanza. Ana nyimbo zake, ana michezo yake ya silabi, anajua mtoto gani anabahatisha na yupi anasoma kweli. Huko angetakiwa kufanya hayo yote kwa Ngakarimojong, lugha ambayo hajui kuombea hata maji. Mwalimu bora kabisa ninayemjua angeshuka kwenye basi akiwa bubu. Na kitindamimba wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma sentensi nzima nzima kwa Kiganda, angekaa darasa la pili akimsikiliza mwalimu asiyemwelewa hata neno.

Wahadhiri wetu wa isimu wametufundisha kwamba mtoto hujifunza kusoma haraka zaidi kwa lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Naamini hivyo, mama yangu ni shahidi. Sina ugomvi na Ngakarimojong wala na Kiganda. Ugomvi wangu ni na nchi iliyofunga madarasa yake ya chini kwa lugha kadhaa wa kadhaa bila kuacha mlango mmoja wa pamoja, kisha ikageuka kuwauliza walimu kwa nini hawahami.

Tazameni majirani zetu wa kusini. Mwalimu wa Bukoba akihamishiwa Lindi atalalamika, na atakuwa na haki, ni mwisho mwingine wa nchi. Lakini mkewe akiwa mwalimu wa darasa la pili kule Bukoba anaweza kuwa mwalimu wa darasa la pili kule Lindi, kwa kuwa lugha ya shule ya msingi ni ile ile, na mtoto wao akiambiwa Jumatatu "fungueni madaftari" atafungua. Watanzania wana hata jina la uhamisho anaouhitaji mama yangu. Wanauita uhamisho wa kumfuata mwenza, na wapo pia walimu wa wilaya mbili wanaoomba kubadilishana vituo. Sisemi kwamba huko mambo ni asali. Walimu wao wanalalamikia maombi yanayochukua muda mrefu, na vijijini huko nako nyumba za walimu ni shida. Lakini angalau jambo lina jina, na lenye jina huweza kudaiwa.

Sisi tumefanya nini? Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtalaa mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakifanya somo la lazima katika vidato vya kwanza viwili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kiwe lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulishangilia hapa chuoni, nilisimuliwa na walionitangulia kwamba mpaka keki ilikatwa. Lakini tulishangilia ajira zetu. Shule ya mama haina mwalimu wa Kiswahili mpaka leo. Na katika insha zote za wenzetu nilizosoma kuhusu faida za Kiswahili, tunataja biashara, tunataja Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunataja utalii, na sijaona hata mmoja aliyeandika kwamba Kiswahili kikisomwa kwa dhati tangu darasa la kwanza, sambamba na lugha ya mama, mwalimu wa Masaka anaweza kuhamia Kaabong na mtoto wake akapata la kusema siku ya kwanza uwanjani. Faida hiyo ni ndogo, haing'ai mbele ya wageni rasmi. Ndiyo pekee ambayo ingetusaidia sisi nyumbani.

Baba mwenyewe Kiswahili kilimwokoa. Amekulia mpakani Busia, anakizungumza kama anavyopumua. Anasema wiki za kwanza kule walioweza kuongea naye barabarani walikuwa askari, madereva wa malori na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kenya. Mnakumbuka wizi wa mifugo uliporudi kwa nguvu kuanzia 2019, jeshi lilianzisha operesheni Julai 2021 ya kukusanya bunduki. Iliitwa "Usalama Kwa Wote". Jina zuri, Kiswahili sanifu kabisa. Nami huwa najiuliza mtoto wa Kotido aliyekisikia Kiswahili mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kabla hajakisikia kwa mwalimu, atakipenda vipi.

Sasa nije kwenye fedha, maana najua kuna anayesema: si wanalipwa posho ya mazingira magumu? Wanalipwa. Tangu mwaka 2010 kuna utaratibu kwamba mtumishi wa umma katika wilaya zisizofikika kwa urahisi, za Karamoja, visiwa vya Kalangala na nyinginezo, huongezewa asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Ukiisikia ofisini inasikika kama ukarimu. Mwalimu wa sanaa mwenye shahada hupata takribani shilingi milioni 1 kwa mwezi, kwa hiyo nyongeza ni kama laki tatu, na bado haijakatwa kodi. Kwa laki tatu hizo baba anatakiwa kuendesha nyumba ya pili: chakula chake, mafuta ya taa au kadi ya sola, nauli ya kuja kutuona na kurudi, simu ya kila usiku ya kumsaidia mdogo wangu hesabu. Kodi ya nyumba yetu ya Kampala haikupungua kwa sababu baba hayupo. Mwaka ule mdogo wangu alifukuzwa ada mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea baba alipokuwa analala nyumbani kwa mshahara mdogo zaidi.

Na asilimia yenyewe ina kichekesho chake. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada hulipwa milioni 4. Piga hesabu kwa kanuni ile ile, nyongeza yake inafika milioni 1.2. Yaani mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia wanashuka basi moja, wanakunywa maji ya kisima kimoja, wanalala katika giza moja, na ugumu wa mmoja una thamani mara nne ya ugumu wa mwenzake. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022, wakagoma tena Juni 2025, na sisi tunaosomea Kiswahili tutaingia katika foleni hiyo hiyo, tujue kabisa. Nadhani ingefaa posho ya ugumu iwe kiasi kimoja kwa kila mwalimu, na ikokotolewe kwa idadi ya watu anaohama nao. Anayehama na watoto wanne agharimiwe lori la watoto wanne.

Lakini hata fedha si kubwa kuliko nyumba. Leo barabara ya lami inatoka Soroti, inapita Iriri, inafika Moroto. Basi la usiku linakufikisha asubuhi. Lami imefika, na nyumba ya mwalimu haijafika. Baba aliporipoti alionyeshwa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi ya shule, akakigawana na mwalimu wa kilimo, na katikati wakaning'iniza shuka. Nimelala katika chumba hicho likizo moja nilipomtembelea, mwalimu wa kilimo akiwa amekwenda kwao. Panya wanalijua kila shimo. Hapo ndipo mhadhiri wetu anataka familia ya watu watano ihamie kwa uzalendo.

Na mnakumbuka mwaka huo wa 2023 nchi ilikuwa inazungumzia nini. Mabati! Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya wananchi wa Karamoja yaliripotiwa kugawiwa viongozi, na baadhi ya mawaziri wakafikishwa mahakamani. Baba hakuwa amemaliza muhula wake wa kwanza. Alitupigia simu akicheka kwa uchungu, akasema juu ya kitanda chake bati lina matundu saba, ameyahesabu kama nyota. Kesi ni ya mahakama na mimi si hakimu. Ninalosema ni kwamba katika nchi hiyo hiyo, mwezi huo huo, mwalimu mwenye ndoo chini ya tundu aliambiwa kwamba anayekosa moyo wa kujitolea ni yeye.

Kuna njia nyingine ambayo huwa inatajwa, kuwahamisha watu kwa nguvu kwa jina la umoja wa taifa. Kenya walijaribu. Mwaka 2018 wakuu wa shule na walimu wengi walianza kuhamishwa mbali na kaunti zao za nyumbani. Sababu zilikuwa nzuri kwenye karatasi, kwamba mwalimu asizeeke mahali pamoja na taifa lichanganyike. Miaka minne baadaye hoja ilifika bungeni, na kilio kikubwa kilikuwa cha familia kutenganishwa. Mwaka 2023 walimu wakaanza kurudishwa karibu na kwao. Kabla ya hapo Wakenya walikuwa wamepata somo chungu zaidi. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Walimu wasio wenyeji wakagoma kurudi Mandera. Waliitwa waoga na watu waliokuwa wamekaa Nairobi. Mimi huwa nawafikiria wale walimu ndani ya basi lile. Walikuwa njiani kwa kuwa familia zao zilikuwa upande mwingine wa nchi. Mtu anayeishi mahali na watu wake hapandi basi kila likizo.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuajiri wenyeji tu, Karamoja ifundishwe na Wakaramojong. Nakubali nusu. Wenyeji wawe wa kwanza, na mpango wa elimu mbadala wa Karamoja ulioanzishwa 1998 ulionyesha kwamba mwezeshaji wa pale pale, anayejua ng'ombe watatoka saa ngapi, anaweza kumfikia mtoto ambaye shule ya kengele haimfikii. Lakini mwenyeji atakayefundisha Kiswahili kidato cha tatu lazima kwanza afundishwe Kiswahili na mtu. Huyo mtu ni nani, kama si mimi au wewe? Na sipendi nchi ambamo kila mtoto hufundishwa na jirani yake tu mpaka anapofika chuo kikuu na kukutana na Waganda wengine kwa mara ya kwanza bwenini.

Hapa nawageukia wenzangu mliocheka. Tunajifanya Karamoja ni mbali. Karamoja ipo hapa. Ipo kwenye taa za barabarani, mkononi mwa mtoto wa miaka mitano anayenyoosha kiganja mbele ya kioo cha gari, mdogo wake mgongoni. Wengi wao hutoka Napak. Hao nao ni familia zilizohama, bila barua, bila posho ya asilimia 30, bila wa kuwauliza kama kuna nafasi shuleni. Hukusanywa, wakapandishwa magari, wakarudishwa kwao, na baada ya miezi tunawaona tena. Tunasema "siendi Karamoja" huku tunawaruka watoto wa Karamoja kwenda kununua chapati Wandegeya. Nikisema hivi najisema na mimi. Siku nilipocheka na nyinyi baba yangu alikuwa kule akifundisha historia katika darasa la wanafunzi wasio na kitabu, na nilicheka kwa sababu niliona aibu kusema kwamba baba yangu yuko huko, kana kwamba ametupwa. Dharau hiyo ni yetu, hatukuletewa na wizara.

Ila dharau yetu haiondoi deni la wakubwa. Kijana wa miaka ishirini na tatu, hana mke hana mtoto, anaweza kwenda na sanduku moja na pengine lazima aende. Nitakwenda. Nikipewa Amudat nitafurahi hata zaidi, maana pale mpakani Kiswahili tayari ni cha sokoni. Lakini mkinipeleka leo peke yangu, baada ya miaka mitano nitakuwa nimeolewa, pengine na mwalimu wa shule ya msingi, na swali la mama litanifikia. Shule zile haziwezi kuishi milele kwa vijana wanaokuja bila mizigo na kuondoka mara tu wanapoipata. Baba anasema katika shule yake kuna watoto waliobadilishiwa mwalimu wa hisabati mara nne kati ya kidato cha kwanza na cha tatu. Kila aliyeondoka alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na jina la mtu: mke, mtoto, mama.

Kwa hiyo mwalimu wangu, siku utakapotuuliza tena nani yuko tayari, nitainua mkono. Halafu nitauliza nyumba ina vyumba vingapi, shule ya msingi iliyo karibu iko umbali gani, na mume wangu akiwa mwalimu atapokelewa na nani. Naomba usiniambie kuhusu mshumaa unaoyeyuka kwa ajili ya wengine. Nimekulia katika nyumba yenye mishumaa miwili, kila mmoja unayeyukia wilaya yake.

Baba amebakiza miaka michache afike sitini, umri wa kustaafu. Pasaka iliyopita alipofika nyumbani kitindamimba wetu, ambaye sasa yuko madarasa ya juu, alitoka mbio, akarudi na kiti kile cha plastiki tunachowapa wageni, akakipangusa vumbi, akamkaribisha. Baba alikaa. Mama alitazama dirishani.

Barua ya kwanza ya mama ya kuomba kumfuata mumewe iko katika faili la bluu juu ya kabati, pamoja na ya pili na ya tatu. Ya nne aliipeleka mwezi uliopita, mkononi, na akagongewa muhuri wa kupokelewa.